Darasa la Uigizaji kwa Mtu Asiyetafuta Umaarufu

Ukiwauliza watu wanaojiunga na darasa la uigizaji kwa mara ya kwanza, Nakuru au Kisumu, wamekuja kutafuta nini, wachache watakuambia wanataka kuonekana kwenye runinga. Wengi wana haja nyingine kabisa. Yupo mwalimu mpya ambaye sauti yake hukauka kabla ya kipindi cha mwisho. Yupo anayeuza bima na amechoka kukatizwa kabla hajamaliza salamu. Yupo mama aliyechaguliwa kuwa mwekahazina wa chama, na sasa kila mwezi lazima asimame awasomee wenzake hesabu. Yupo kijana anayejua majibu yote akiwa ndani ya matatu akienda kwenye mahojiano ya kazi, ila akikalishwa mbele ya watu watatu wenye faili anasahau hata mwaka aliomaliza chuo.

Wote wameshaambiwa kwamba uigizaji hujenga kujiamini. Sikatai, lakini jibu hilo halielezi lolote. Hakuna mwalimu anayefundisha kujiamini. Kinachofundishwa ni mambo madogo madogo: jinsi ya kuvuta pumzi, jinsi ya kumsikiliza mtu, jinsi ya kujua unachotaka kabla ya kufungua mdomo. Kujiamini hufuata nyuma ya hayo, na mara nyingi wenzako ndio huanza kugundua.

Nikiyatazama mambo hayo yote kwa pamoja, naona yana chanzo kimoja: mwanafunzi wa uigizaji hufundishwa kuacha kujitazama. Anayeingia darasani siku ya kwanza amejaa yeye mwenyewe. Mikono niiweke wapi? Sauti yangu inasikikaje? Wananionaje? Akikaa miezi michache, macho yake yanahamia kwa mwenzake. Sehemu kubwa ya faida zinazotajwa hutokana na badiliko hilo, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Woga na fulana ya aibu

Tuanze na woga, kwa kuwa ndio unaowaleta wengi. Ukisimama mbele ya watu, mwili hautofautishi sana kati ya hadhira na hatari. Adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unaenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli, mdomo unakauka, vidole vinatetemeka, pumzi inapanda juu kifuani na kuwa fupi. Hizo ni dalili za mwili ulio tayari kukimbia au kupigana. Waigizaji wa miaka mingi bado huzipata dakika chache kabla ya pazia kufunguliwa. Kwa hiyo darasa linalokuahidi kwamba hutaogopa tena linakudanganya.

Linachoweza kukufanyia ni kuusahihisha uongo ambao woga hukunong'onezea, kwamba kila mtu anakutazama wewe. Mwaka 2000 wanasaikolojia Thomas Gilovich, Victoria Medvec na Kenneth Savitsky walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye kwa vijana wa chuo wa wakati huo ilikuwa aibu kumvaa kifuani, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Alipotoka aliulizwa: wangapi wameona ni nani yuko kwenye fulana yako? Waliovaa walikisia karibu nusu. Walioweza kumtaja mwimbaji huyo walikuwa takriban robo tu. Tunaongeza maradufu idadi ya macho yanayotutazama, kisha tunayaogopa yote.

Kusoma habari hiyo hakumwondolei mtu woga, na hapo ndipo michezo ya wiki za kwanza inapoingia, ile ambayo mtu mzima akiiona mara ya kwanza hujuta kulipa ada. Mnarushiana mpira usiokuwepo. Mnatembea chumbani mkigeuka ghafla mwalimu akipiga makofi. Mnaigiza mtu anayevuka matope kwa viatu vya harusi. Sehemu kubwa ya michezo hii ilipangwa na Viola Spolin, mwalimu wa Chicago aliyeanza kuitumia na watoto na familia za wahamiaji miaka ya 1930, akaikusanya kwenye kitabu mwaka 1963. Aliona kwamba mtu akipewa kazi ya kutekeleza, akili yake haina tena nafasi ya kujihukumu. Ukiwa na mpira wa kudaka, hata kama ni wa kufikirika, huwezi wakati huo huo kuwaza jinsi tumbo lako linavyoonekana.

Mchezo ninaoupenda zaidi ni wa kuhesabu. Watu wanasimama kwa duara, macho chini. Kikundi kinahesabu kutoka moja hadi ishirini, kila nambari ikitajwa na mtu mmoja, bila kupangiana zamu. Wawili wakisema kwa pamoja, mnarudi moja. Vikundi vipya hukwama kwenye nne au tano, tena na tena, kwa sababu kila mmoja anavizia nafasi yake ya kusema. Wanaanza kufika mbali siku wanaposikiliza pumzi za wenzao. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo ofisini, wakirukaruka kwa furaha kwa kufika kumi na saba.

Jambo la pili linalotuliza woga ni kule kurudia. Wanaotibu hofu kali hutumia njia hiyo hiyo: mtu hukutanishwa na kile anachokiogopa kidogo kidogo, mara nyingi, mahali ambapo hakuna baya linalompata, hadi mwili ujifunze kwamba king'ora kilikuwa kikilia bure. Darasa la watu kumi, ambao wote wameshavuka matope kwa viatu vya harusi, ni mahali pazuri pa kukosea. Mtu huyo huyo akingoja siku ya kusoma hesabu za chama ndipo afanye mazoezi, anajifunzia mahali ambapo kukosea kuna gharama.

Sauti, pumzi na lafudhi

Simama kituo cha matatu cha Nakuru asubuhi usikilize makanga. Wengine wana sauti zilizopasuka kabisa. Wengine hupiga kelele kutwa nzima na jioni bado wanaimba. Wote wana makoo ya kawaida. Kinachowatofautisha ni pale nguvu inapotoka.

Sauti hutokea hewa kutoka mapafuni inapopita katikati ya mikunjo miwili midogo kooni na kuifanya itetemeke. Mtu asiyezoezwa akitaka kuongeza sauti huibana shingo, na mikunjo hiyo hugongana kwa nguvu hadi inavimba. Aliyezoezwa huiacha shingo ilegee, akaongeza hewa kutoka chini, kwa kutumia kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Ndiyo maana darasa la mwanzo hulazwa sakafuni, kila mtu na kitabu tumboni. Ukivuta pumzi kitabu kipande, ukiitoa kishuke. Kama kifua ndicho kinachopanda, bado. Baada ya hapo mnatoa sauti ya "mmm" taratibu mpaka midomo iwashe, ndipo maneno yaanze.

Pumzi ina faida nyingine ambayo watu huihisi kabla hawajaelezwa. Moyo huharakisha kidogo mtu anapovuta hewa na kupungua kasi anapoitoa. Ukiirefusha ile ya kutoka, unaupa mwili ishara ya kutulia. Yule kijana wa mahojiano anaweza kufanya hivyo akiwa amekaa kwenye benchi la nje, na hakuna atakayejua. Ni chombo kidogo, lakini nimeshamsikia muuguzi akisema ndicho kitu pekee cha darasani anachokitumia kila siku.

Huku kwetu kuna woga mwingine ambao vitabu vya uigizaji haviutaji: woga wa lafudhi. Mtu aliyekulia Siaya amechekwa shuleni kwa ajili ya "sh" yake. Wa Bomet amechekwa kwa "b" na "p", wa Bahati kwa "r" na "l". Wanafika darasani wakiwa wameshajifunza kusema machache ili wasichekwe tena. Mwalimu mbaya huanza kuwanyoosha ulimi. Mwalimu mzuri huwaambia waigize tukio kwanza kwa lugha ya nyumbani, Kijaluo au Kikipsigis au Kikikuyu, hata kama nusu ya darasa haielewi neno. Mtu aliyekuwa amejikunja ghafla ana mabega, ana mikono, ana mzaha. Kisha anaambiwa: rudia kwa Kiswahili, lakini mwili ubaki vile vile. Lafudhi inabaki palepale, na haijalishi, maana sasa anasikika mpaka ukuta wa nyuma. Kwa maoni yangu zoezi hili moja lina thamani kuliko mihadhara mingi ya kumtaka mtu ajipende.

Unataka nini kutoka kwake?

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yenyewe, na ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Anayeanza hudhani kuigiza ni kuonyesha hisia. Ukimpa nafasi ya baba mwenye hasira, atakunja uso na kupiga kelele. Ukimpa mjane, atajifinya mpaka machozi yatoke. Hadhira huliona hilo mara moja na kuanza kuangalia simu.

Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwelekezi Mrusi aliyezaliwa 1863 na kufariki 1938, alitumia maisha yake kulitatua tatizo hilo. Mwaka 1898, yeye na Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha jumba la maigizo mjini Moscow ambalo lilibadilisha uigizaji duniani. Mengi aliyoyaacha ni magumu, lakini mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anahitaji maswali yake matatu tu. Niko katika hali gani? Ningefanya nini kama hali hiyo ingekuwa yangu? Na nataka nini kutoka kwa huyu aliye mbele yangu? Hisia haiamriki. Huwezi kujiambia "huzunika" ukahuzunika. Unaloweza kuamua ni kutenda: kuomba, kuzuia, kubembeleza, kutisha, kuficha. Ukitenda kwa dhati, hisia hujileta zenyewe.

Chukua zoezi la kawaida. Binti anarudi nyumbani saa nne usiku, baba yuko sebuleni. Nafasi ya baba amepewa mwendesha bodaboda, ya binti amepewa karani wa sacco. Mara ya kwanza baba anaanza kufoka kabla binti hajafunga mlango. Binti anafoka pia. Kelele tupu, na baada ya nusu dakika hakuna aliye na la kuongeza.

Mwalimu anawasimamisha. "Baba, unataka nini kutoka kwake?"

"Aniheshimu."

"Hilo ni la miaka kumi. Taka kitu unachoweza kukipata kabla hajafika chumbani kwake."

Anafikiri. "Nataka aniambie alikuwa wapi."

"Haya. Na wewe binti?"

"Nataka kupita bila kuulizwa."

Wanarudia. Sasa baba hafoki, kwa sababu anajua akifoka binti atapita moja kwa moja na mlango utagongwa. Anamuuliza kama amekula. Anasogeza kiti. Binti anasema, "Baba, bado hujalala?" na kila mtu chumbani anajua hilo si swali. Tukio ambalo lilikufa kwa nusu dakika sasa linakwenda, na hakuna mstari hata mmoja uliokuwa umeandikwa.

Kisha wanabadilishana nafasi. Mwendesha bodaboda anakuwa binti. Hapa watu hucheka, halafu wanaacha kucheka, kwa sababu mwanamume mzima aliyesimama mlangoni akitafuta maneno anagundua kuwa kila swali la upole linamfunga zaidi kuliko kelele. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu malezi. Lakini ukishasimama mahali pa mtu mwingine na kutaka anachokitaka, ni vigumu kurudi kumwona kama mkaidi tu.

Watu wanaomaliza kozi fupi husema kwamba hiki ndicho kinachowafuata nyumbani. Mteja anapofoka dukani, wanajikuta wakijiuliza anataka nini hasa. Ni pesa zake, au ni kusikilizwa? Mkwe anaposema chakula kina chumvi kidogo, anatafuta nini? Swali hilo huipa akili sekunde mbili za ziada kabla ya kujibu, na ugomvi mwingi huhitaji sekunde mbili tu ili usianze.

Madaktari waliitambua nguvu ya njia hii zamani. Mwaka 1963, daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows, huko Los Angeles, alianza kumtumia mtu mwenye afya aliyefundishwa kuigiza mgonjwa ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kumhoji na kumpima. Wenzake walimcheka. Leo mbinu hiyo hutumiwa katika vyuo vya udaktari vya nchi nyingi, na hata kupasha habari mbaya hufanyiwa mazoezi hivyo.

Zoezi jingine ambalo halikosekani lilitoka kwa Sanford Meisner, aliyefundisha New York kuanzia 1935. Wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anasema kitu anachokiona: "Umevaa koti la bluu." Mwenzake anarudia: "Nimevaa koti la bluu." Wanarudiarudia bila kubadilisha maneno mpaka kitu kibadilike chenyewe usoni mwa mmoja wao. "Umecheka." "Nimecheka." "Umechoka na mimi." "Nimechoka na wewe." Linachosha, linaudhi, na wengi hulichukia wiki mbili za kwanza. Lakini linakufunza kuona kinachotokea mbele yako badala ya kusubiri zamu yako ya kusema. Wengi wetu, tukiongea na mtu, tunakuwa tumeshaandaa jibu kabla hajafika katikati ya sentensi.

Utafiti unaonyesha nini

Mengi yanayoahidiwa kwenye mabango ya kozi hayajapimwa. Yaliyopimwa ni machache, lakini yanaelekea upande mmoja.

Mwaka 2004 E. Glenn Schellenberg wa Toronto alichapisha utafiti wa watoto 144 wa miaka sita. Wengine walifundishwa kinanda au kuimba kwa mwaka mzima, wengine maigizo, wengine hawakufundishwa lolote. Waliofundishwa muziki walipanda kidogo kuliko wenzao kwenye vipimo vya akili. Waliofundishwa maigizo hawakuwazidi wengine hapo, bali walipanda katika tabia yao ya kuishi na wenzao. Mwaka 2012 Thalia Goldstein na Ellen Winner walilinganisha watoto na vijana waliosoma uigizaji na wale waliosoma sanaa nyingine. Baada ya muda wa karibu mwaka, kundi la uigizaji lilikuwa limepanda zaidi katika kuhisi hali ya mwingine, na vijana wa sekondari walipanda pia katika kutambua anachowaza mtu mwingine.

Kwa wazee, Helga na Tony Noice wamefanya kazi ya miaka mingi nchini Marekani. Katika utafiti wao wa mwaka 2004, watu wa miaka 60 na zaidi waliosoma uigizaji kwa wiki nne walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu na vya kutatua matatizo kuliko waliobaki bila darasa. Wawili hao pia walichunguza jinsi waigizaji wanavyokariri mistari mirefu, na jibu lao linafaa mwanafunzi yeyote: waigizaji wazuri hawakariri kasuku. Wanatafuta kwa nini mhusika anasema neno hilo wakati huo, kwa mtu huyo, na mwili unafanya nini anapolisema. Maana ikishashikwa, maneno hufuata. Mwekahazina wetu wa chama anaweza kuzijaribu hesabu zake hivyo. Tarakimu ni zile zile, lakini akijua kwamba mstari wa tatu anautaja ili kumtuliza yule mama anayeshuku, hausahau.

Angalia vizuri: hizi ni habari za watoto, vijana na wazee. Mtu wa miaka 35 asiyachukue matokeo haya kuwa hati ya dhamana. Mimi huyachukua kama ushahidi kwamba yanayoonekana darasani si ndoto za walimu tu.

Tulichokuja nacho kutoka shuleni

Wakenya wengi wamewahi kuigiza bila kujiita waigizaji. Tamasha la kitaifa la maigizo la shule na vyuo limekuwepo tangu 1959, na fainali za 2025 zilifanyika hapa Nakuru. Shule za magharibi zina sifa kubwa humo. Sasa, katika mtaala mpya, maigizo na filamu ni sehemu ya mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, ambayo wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia Januari 2026.

Urithi huo ni mtaji, lakini una kasoro yake. Tamasha hushindaniwa kwa alama, ukumbini mwenye watu mamia, kwa dakika chache. Mwanafunzi hufundishwa sauti kubwa, mikono mikubwa, na kusimama akitazama waamuzi hata anapozungumza na mkewe. Aliyetoka huko na kombe mkononi mara nyingi hupata shida zaidi darasani kuliko aliyekuwa mwoga kabisa, kwa kuwa ana mengi ya kuacha. Ukimwambia azungumze na mtu mmoja tu, kwa sauti ya chumbani, anajisikia amevuliwa nguo.

Wale wanaosema mambo haya ni ya kizungu ningewapeleka Bungoma, mzee anapozikwa kwa heshima zote za jamii ya Babukusu. Baada ya maziko, msemaji wa kumuse, hotuba ya jadi ya kumuenzi marehemu, huingia uwanjani peke yake, akatembea huku na huku katikati ya umati, akisimulia historia ya ukoo, akionya, akichekesha, kwa saa nyingi bila karatasi wala kipaza sauti. Pumzi, kumbukumbu, kuisoma hadhira: yote yapo. Ni kazi ya wachache waliorithishwa, na hairuhusiwi kwa kila mtu. Darasa la Jumamosi linampa mtu wa kawaida kipande kidogo tu cha kile ambacho yule bingwa amekibeba.

Mipaka yake

Darasa la uigizaji si tiba. Linaweza kumsaidia mwenye haya. Mwenye mfadhaiko mkubwa au jeraha la ukatili anahitaji mtaalamu wa ushauri nasaha, na darasa lije baadaye au sambamba. Nasema hivi kwa sababu wapo walimu wanaowaambia wanafunzi wachimbue kumbukumbu chungu za maisha yao ili walie jukwaani. Njia hiyo ilipata nguvu Marekani kupitia Lee Strasberg, aliyejenga juu ya majaribio ya mapema ya Stanislavski. Lakini Stella Adler alipokutana na Stanislavski mwenyewe mjini Paris mwaka 1934, alirudi akisema kwamba mzee alikuwa ameshaegemea kwenye kutenda na kuwaza hali ya mhusika. Ubishi huo haujaisha miongoni mwa wataalamu. Kwa anayeanza hauna haja. Mwalimu akikulazimisha kusimulia kifo cha mzazi wako mbele ya wageni wiki ya pili, chukua mkoba wako uondoke.

Ondoka pia kama unadaiwa pesa za picha au za "kuandikishwa" ili upate nafasi kwenye tangazo la biashara. Darasa linauza mafunzo. Anayeuza nafasi za kazi kwa watu ambao hawajajifunza chochote anauza hewa.

Nakuru ina jumba la Nakuru Players Theatre, na huko na Kisumu kuna vikundi vinavyokutana kwenye kumbi za jamii na za makanisa. Kabla ya kulipa, omba kukaa nyuma kwa kipindi kimoja. Utazame mambo mawili. La kwanza, ni nani anayesimama zaidi: mwalimu au wanafunzi? Kama mwalimu anahubiri saa nzima, hakuna unachopata ambacho huwezi kukisoma nyumbani. La pili, mtu akikosea, chumba kinafanya nini? Kicheko si kibaya. Angalia kama aliyekosea naye anacheka. Na usipime kitu kabla ya wiki kama sita. Mbili za kwanza utajiona mjinga, ya tatu utataka kuacha, na hilo huwapata karibu wote.

Asiye na nauli wala ada anaweza kuanza bila darasa. Watu watatu wanatosha, pamoja na tamthilia yoyote mliyoisoma kidato cha nne, ambayo bila shaka iko chini ya kitanda cha mtu. Simu ziwe chumba kingine. Chagueni kurasa mbili zenye wahusika wanaobishana, msome mkiwa mmesimama, kila mmoja akiwa ameandika juu ya ukurasa, kwa penseli, mhusika wake anataka nini kutoka kwa mwenzake. Usisome mstari wako mpaka umemtazama machoni unayemwambia. Kisha badilishaneni wahusika, mrudie.